Mwaka wa Senyenge ya Serikali

Mwezi uliopita, katika soko moja la Goma, mwanamke alikataa kuniuzia viazi. Alikuwa ameketi juu ya kibao kifupi, viazi vyake amevipanga mafungu mafungu juu ya gunia, nami nimeinama nikichagua na kuuliza vimetoka wapi. "Ngungu," alijibu bila kuinua kichwa. Kisha akakiinua. Aliniangalia kwa muda mrefu kuliko mchuuzi anavyomwangalia mteja, akapangusa mikono kwenye kitenge chake, akasema, "Wewe njo Zawadi. Zawadi wa liste, ule wa kuandika majina." Niliitambua sauti kabla ya uso. Uso ulikuwa umekwisha, mashavu yameingia ndani, lakini sauti ilikuwa ileile ya Mama Vumilia niliyemwacha mlimani juu ya Kibabi nikiwa na miaka ishirini na miwili.

"Mama, uko muzima!" nikasema. Nilifurahi kweli, na hilo ndilo linaloniaibisha.

"Acha hiyo kiazi."

"Mama Vumilia..."

"Nimesema uache. Patron Anselme angefufuka leo, akuye hapa na kitunga yake, ningemuuzishia. Ningemupimia vizuri hata. Yeye alikuwa adui, na alijua iko adui. Lakini wewe ulikula maharagi kwangu." Akamgeukia mwanamke aliyekuwa nyuma yangu. "Mama, wewe unataka ngapi?"

Nilirudi nyumbani na kapu tupu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina mvi, na kwa wiki nne sasa nimekuwa nikiuzungusha mwaka ule kichwani huku nasahihisha madaftari ya watoto. Kwa miaka mingi nilikuwa na namna yangu ya kuusimulia. Niliusimulia kama hadithi ya matajiri walioiba msaada wa serikali, nami nikiwa binti mdogo aliyesimama akasema ukweli. Watu walinisikiliza wakatikisa vichwa, wakasema Masisi ndivyo ilivyo. Yote hayo ni kweli, ila nilikuwa naruka majuma matatu. Mama Vumilia hajayaruka. Kwa hiyo nayaandika hapa.

Nilikuwa nimepata diploma yangu ya sekondari na sina pa kuipeleka. Serikali ilikuwa imeanzisha mradi wa ruzuku kwa ferme, yale mashamba makubwa ya ng'ombe, na kwa wakulima wa Masisi: mitamba ya maziwa, dawa ya kuogesha ng'ombe, mbegu za viazi, majembe, na senyenge ya kuzungushia malisho. Biro, yaani ofisi ya mradi, lilikuwa chumba kimoja Masisi-centre, na mkuu wa mradi alikuwa mtu wa kutoka mjini, mwenye viatu ambavyo kila asubuhi mtu alivifuta tope. Aliniambia niandike sentensi moja kwenye karatasi. Niliandika. Akaitazama, akawaonyesha wenzake, nikapata kazi. Kompyuta ilikuwepo lakini umeme haukuwepo, na walihitaji mtu ambaye hati yake ingesomeka hadi kwa wakubwa wa mkoa. Nilipewa daftari, kalamu za rangi mbili, kidau cha wino wa kupigia kidole, na buti kubwa kuliko miguu yangu. Nikapelekwa kwenye ferme ya Patron Anselme.

Chumba nilichopewa kilikuwa kati ya jiko na stoo ya jibini, fromage kama walivyoiita. Ukuta wa upande wa stoo ulikuwa wa mbao tu, zenye nafasi ambazo kidole kingepita, na harufu ya zile duara za fromage zikikauka kwenye vichanja iliingia katika nguo zangu, katika nywele, hata katika mkate. Kitanda kilikuwa kizuri kuliko chochote nilichokuwa nimelalia. Dirisha lilitazama malisho, kijani kitupu mpaka mahali ukungu ulipoanzia, na ng'ombe wamesimama humo kama vitu vilivyosahauliwa. Asubuhi Mama Léontine, mke wa Patron, aliniletea kikombe cha maziwa ya moto yenye utandu juu. Yeye ndiye aliyeiendesha ferme, maana Patron alikaa Goma na kupanda Ijumaa, akirudi Jumatatu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, aliyevaa koti la sufu la kiume juu ya pagne, kitenge chake. Katika chumba cha nje, karibu na birika la kuogeshea ng'ombe, alilala mwenzangu wa kazi, agronome Désiré, mtaalamu wa kilimo, kijana wa Walikale ambaye baridi ya Masisi ilimtesa kama ugonjwa. Désiré hakupenda viazi. Kila tulipoketi mezani alitulalamikia akitamani uyoga wa kwao na nyama iliyokaushwa kwa moshi, mpaka Mama Léontine akamwambia siku moja, "Kaka Désiré, kula. Musitu haitakuya hapa kukufuata."

Kanuni ya mradi ilikuwa nzuri, na sitaki mtu aseme kwamba haikuwa. Ferme haikuweza kupewa kitu peke yake. Ilitakiwa iungane na wakulima wanaoizunguka, wawe shirika moja. Patron angepata senyenge, dawa na mitamba. Wakulima wangepata mbegu, majembe, na kila nyumba ingepewa mtamba mmoja kwa zamu. Juu ya mlima ule ng'ombe walilisha upande wa juu, wanawake walilima upande wa chini, na mpaka ulikuwa mfereji ambao kila mtu aliujua. Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba, mara nyingine Désiré akiwa nami, kuwasomea watu karatasi ya kwanza iliyoeleza makubaliano, kisha kuandika jina kwenye karatasi ya pili na kupigisha kidole gumba.

Nyumba ya Mama Vumilia ilikuwa ya kwanza chini ya mfereji. Mume wake alikuwa amekwenda kuchimba madini Rubaya na hakurudi, na yeye hakuzungumzia habari hiyo. Aliniketisha karibu na moto, akafunua chungu, akanipakulia maharage yaliyopikwa na ndizi, sahani iliyojaa mpaka ukingoni, huku yeye akila yaliyobaki chunguni. Nilikula yote. Kisha nikamsomea karatasi.

"Serikali?" akasema. "Ile serikali iko na macho ya kuniona mimi, huku?"

"Sasa imekuona, Mama. Iko na mbegu, iko na jembe. Na ng'ombe, zamu yako ikifika."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Alinitaka niisome mara tatu, na mara ya tatu akaweka kidole kwenye mstari kana kwamba anausikiliza kwa ngozi. "Hapa kwa shamba. Inasema shamba ni ya nani?"

"Inasema wakulima wa chini ya mfereji wanabaki na mashamba yao, na ferme inabaki na malisho yake."

"Imeandikwa hivyo? Siyo wewe njo unasema?"

"Imeandikwa, Mama."

Akanitazama machoni, akanyoosha kidole gumba. Nilikishika mimi mwenyewe. Kilikuwa kigumu kama pembe, na wino ulikataa kukishika mara ya kwanza, ikabidi tukioshe na kurudia. Baada yake wengine walikubali upesi, kwa sababu yeye alikuwa amekubali. Kufikia mwisho wa mwezi nilikuwa nimejaza karatasi sita za vidole, na kila nyumba niliyoingia nilikula. Nilinenepa mwaka ule. Lazima niliseme na hilo.

Jumapili moja, baada ya misa, mkuu wa mradi alipanda kula chakula cha mchana kwa Patron. Walichinja mbuzi. Mama Léontine aliniomba nimsaidie kugeuza fromage na kuzipaka maji ya chumvi, kwa hiyo nilikuwa ndani ya stoo, mikono imelowa, wanaume wameketi mezani nyuma ya ukuta wa pili wa stoo, nao wa mbao. Nilisikia vijiko. Nilisikia Désiré akikohoa. Kisha nikasikia sauti ya Patron, taratibu, sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

"Na ile karatasi ya kwanza?"

"Tumebadilisha," mkuu akajibu. "Tumeandika mupya. Bantu ya chini banalima kwa ruhusa ya ferme, na banakubali kutoka wakati kazi ya malisho inaanza. Ya pili iko na vidole vyao. Hiyo hatugusi."

"Mukubwa wa mkoa ataona?"

"Ataona nini? Karatasi mbili, pini moja."

"Na huyu binti?"

"Binti anaandika vizuri. Tutamupa contrat ingine." Wakacheka kidogo, si sana. Nilimsikia Désiré akiguguna mfupa.

Watu wameniuliza nilifanya nini pale, na huwa nawaambia nilitetemeka. Sikutetemeka. Niligeuza fromage zilizobaki, kichanja kizima, moja baada ya nyingine, nikazipaka maji ya chumvi pande zote kama nilivyofundishwa. Mama Léontine alikuwa kando yangu. Alisikia kila nilichosikia. Aliponiona nimesimamisha mkono alisema tu, "Ile ya juu haujageuza."

Kesho yake nilimfuata Désiré kwenye birika la ng'ombe, akipima dawa. Nilimuuliza kama alisikia. Alisema alisikia, alikuwa mezani. Nikamuuliza tutafanya nini. Akainamisha chupa kwenye mwanga, akasoma alama, akamwaga. "Kwetu Walikale," akasema, "hakuna muntu anaweka senyenge kwa musitu. Ile siku itafika kule njo nitapiga kelele. Hapa mimi ni mugeni. Na wewe pia, Zawadi, nyamaza kwanza. Contrat yetu inaisha kisha majuma tatu. Tushike mushahara, kiisha useme kila kitu unataka."

Nikakubali. Hayo ndiyo majuma matatu. Sikufikiri sana, wala sikulia chumbani. Nilikunywa maziwa ya asubuhi, nikaandika nakala safi za orodha, nikapiga mistari kwa wino mwekundu. Nilipokutana na Mama Vumilia njiani aliniuliza mbegu zitafika lini, nikamwambia ziko njiani. Viazi vyake vilikuwa vinatoa maua meupe wakati huo, na mtu akipita juu kwenye mfereji aliona upande wote wa chini umekuwa kama umenyunyiziwa unga. Nilikuwa na sababu nzuri: nikisema mapema nitafukuzwa bila mshahara, na hakuna atakayeniamini, nikisema baadaye nitasema kwa nguvu. Nimekutana na sababu hiyo mara nyingi tangu wakati huo, katika vinywa vya watu wengine, na kila mara nimeichukia kwa sababu naijua ladha yake.

Malori mawili yalipanda kutoka Sake siku yenye mvua. La kwanza lilibeba mitamba kumi na kitu, ikiwa imefungwa kamba, macho yametoka. La pili lilibeba senyenge, mizigo ya duara iliyopangwa hadi juu, na chini yake magunia machache ya mbegu. Lile la pili lilikwama kwenye mteremko chini ya nyumba za wakulima. Dereva alikanyaga mafuta na magurudumu yakazidi kuzama. Ndipo wanawake wakashuka. Sijui nani aliwaita. Walishuka na majani ya migomba, na mawe, na ubao wa mlango ambao mtu aliung'oa nyumbani kwake, wakavijaza chini ya magurudumu, wakaweka mabega. Walikuwa wanaimba, wimbo wa kanisani wa kushukuru. Mama Vumilia alikuwa katikati, shavu lake limebanwa kwenye bati la lori, tope limemrukia mpaka kwenye meno, na aliponiona nimesimama juu ya ukingo na daftari langu ndani ya plastiki aliniita kwa furaha, "Dada Zawadi! Serikali yako iko muzito!"

Wote wakacheka. Nami nikacheka. Lori likatoka.

Senyenge ilisimikwa kwa siku nne. Haikufuata mfereji. Ilishuka, ikapita chini ya mashamba, ikapanda tena upande wa pili, na ndani yake vikabaki viazi vyote vyenye maua. Siku ya tano walikuja polisi wawili na karatasi, na wanawake waliokwenda kupalilia waliambiwa warudi nyuma. Walionyeshwa vidole vyao wenyewe. Magunia ya mbegu yaligawiwa siku hiyo hiyo, bakuli moja moja, kwa watu ambao hawakuwa tena na pa kuzipanda.

Nilikuwa jikoni namenya vitunguu Mama Vumilia alipoingia uani. Hakubisha hodi. Nyuma yake walikuwa wanawake kama kumi, na wafanyakazi wa ferme walitoka kutazama. Alikuwa ameshika ile karatasi, nakala waliyompa polisi, ameikunja mara nne.

"Soma," akaniambia.

Nilinawa mikono. Nikaikunjua, nikasoma kwa sauti, yote, hata tarehe. Ilikuwa imechapwa kwa mashine mjini. Nilipofika kwenye maneno ya kulima kwa ruhusa mwanamke mmoja nyuma aliguna kama mtu aliyepigwa tumboni.

"Hii njo ulinisomea kwangu?"

"Hapana, Mama."

"Babadilisha?"

"Ndiyo. Walibadilisha."

"Uliyua lini?"

Ningeweza kusema nimejua sasa hivi. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Mama Léontine alikuwa amesimama mlangoni na koti lake, ananiangalia, na nadhani angeninyamazia, kama alivyoninyamazia kwenye stoo. Lakini Mama Vumilia hakuningoja. Aliuliza tena, sasa polepole, kila neno peke yake. "Siku tulisukuma camion. Siku ile, ulikuwa unayua?"

"Nilikuwa najua."

Hakunipiga. Nilitaka anipige. Alinyang'anya karatasi kutoka mkononi mwangu, akaikunja tena mara nne, akaiingiza kifuani, na wote wakatoka kwa lango. Jioni ile hakuna mtu pale mlimani aliyejibu salamu yangu, na baada ya hapo katekista peke yake ndiye aliyeendelea kuijibu. Kanisani nilikaa kwenye benchi, na benchi likahamwa mpaka nikabaki peke yangu na kitabu cha nyimbo. Watoto walionikimbilia zamani kutaka kugusa kalamu zangu walinirushia udongo. Mama Léontine alinimiminia maziwa kama kawaida. "Kunywa," alisema. "Basi hivyo. Mimi nilioleshwa hapa na karatasi hata sikusoma. Muntu anazoea." Sikuweza kuyanywa. Nilimchukia mama huyo kuliko Patron, na mpaka leo sielewi vizuri kwa nini, labda kwa sababu aliniona kama mwenzake.

Kitu kimoja nilikuwa nacho. Mwanzoni kabisa, kabla ya kwenda nyumba yoyote, nilikuwa nimeinakili karatasi ya kwanza ya asili katika daftari langu, neno kwa neno, na mkuu wa mradi mwenyewe alikuwa ameweka sahihi chini yake kuonyesha kwamba nimeinakili sawasawa. Alikuwa amesahau. Nami, niseme kweli, nilikuwa nimekumbuka tangu ile Jumapili ya mbuzi. Nilituma ujumbe kwa Mama Vumilia kupitia kwa katekista. Jibu lilirudi: tutaenda kwa administrateur, mkubwa wa serikali, Masisi, Jumatano, na asije karibu yetu.

Tulikwenda kwa miguu. Wanawake watano walitangulia, mimi nyuma, kama mwendo wa kutupa jiwe, saa baada ya saa, katika tope. Walipopumzika nilipumzika. Walipokula viazi vya kuchoma walikula wakinipa mgongo. Nilikuwa na mkate kwenye mfuko na sikuthubutu kuutoa.

Chumba cha administrateur kilikuwa na viti vitatu, na Patron Anselme alikuwa ameketi kwenye kimoja. Aliinuka akampa Mama Vumilia kiti chake, kwa heshima kabisa, na yeye akakataa kukaa. Administrateur alisoma daftari langu, akasoma ile karatasi ya mashine, akaguna. Mkuu wa mradi alisema sahihi ni yake lakini ile ilikuwa rasimu tu, na rasimu hubadilika. Désiré aliitwa. Aliingia amevaa shati safi, akasimama karibu na dirisha.

"Agronome, ulikuwa pale bakisomea bantu karatasi?"

"Nilikuwa, Mukubwa."

"Balisomewa gani? Hii, ao hii?"

Désiré aliangalia mikono yake. "Mimi ni muntu wa mbegu, Mukubwa. Mambo ya karatasi sikufuata." Hakuniangalia. Juma lililofuata alikuwa amekwisha rudi kwao Walikale, kwenye uyoga na msitu wake, na sikumwona tena. Nilisikia alikufa huko miaka kadhaa baadaye. Sikutuma pole.

Mama Vumilia aliomba kusema. Alisema alilima pale tangu alipoolewa, kwamba mfereji walichimba wao, na kwamba kama serikali ilitaka kumpa Patron mlima wote ingempa tu, kwa nini ilimtuma binti kuja kula kwake kwanza. Administrateur akatoa uamuzi wake. Karatasi iliyo na vidole ndiyo karatasi. Hata hivyo, kwa huruma, wanawake wapewe siku tatu wavune walichopanda, halafu malisho yabaki malisho. Patron alisema hana neno, hata siku nne angetoa. Nje, kwenye veranda, alinisogelea huku akivaa kofia. "Mademoiselle," akasema, "mukono yako iko muzuri sana. Kinywa njo iko na shida. Vitu yako tumeiweka kwa barabara."

Patron ameshakufa, kitandani mwake, mjini Goma, padri yuko kando. Ile ferme imebadilisha wamiliki mara nyingi tangu hapo. Wenye bunduki wa aina zote wamepita juu yake, wakala ng'ombe wa serikali, wakachoma nguzo kama kuni, na wanawake wa chini ya mfereji wametawanyika kambini na mjini. Nimesikia watu wa biro jipya wakizungumza juu ya ruzuku mpya, mashirika mapya ya wafugaji na wakulima, na kila ninaposikia natamani kuuliza ni nani atakayeandika orodha, na anakula wapi.

Siku ya kwanza ya mavuno niliazima jembe kwa katekista, ambaye nililala kwake, nikaenda. Mama Vumilia alinyoosha mkono kabla sijafika kwenye lango. "Bakia kwa barabara," alisema. "Hapa si kwako kushika." Basi nilikaa kando ya barabara, siku zote tatu. Viazi havikuwa vimekomaa. Walichimba vitu vidogo kama mayai ya kwale, maganda yanachubuka kwa kuguswa tu, na walivichimba vyote kwa sababu hapakuwa na siku ya nne. Mvua ilinyesha siku mbili. Hakuna aliyeimba.

Alasiri ya tatu mchungaji wa ferme, Papa Gaspard, alileta ng'ombe wote mpaka kwenye lango la senyenge, kama alivyoagizwa. Alikuwa mzee wa kimya aliyekaa katika kibanda cha nyasi na kuuza kidumu chake kimoja cha maziwa njiani. Aliegemea fimbo karibu yangu, na alikuwa mtu wa kwanza kunisemesha pale barabarani kwa siku zote tatu.

"Mademoiselle, ile ya madoa nyeupe, unaiona?"

"Naiona, Papa."

"Njo ile uliandika kwa jina yangu. Na mimi nilipiga kidole."

"Walikupa?"

"Balinipa niichunge."

Msimamizi alipiga kelele kutoka juu kwamba saa imefika, afungue. Ndani, wanawake wengine walikuwa wameshatoka. Mama Vumilia peke yake alikuwa amebakiwa na matuta mawili. Gaspard aliketi juu ya jiwe, mbele ya lango, akaweka fimbo mapajani, na ng'ombe wakajazana nyuma yake wakinusa majani. Msimamizi alipiga kelele tena, akaanza kushuka mlima, akiteleza. Gaspard aliangalia upande mwingine na kujikuna shingo. Mama Vumilia alichimba bila kuharakisha. Alimaliza tuta la kwanza, akamaliza la pili, akarudi nyuma kupekua udongo kwa vidole kuona kama kimebaki kitu, kisha akafunga gunia, akajitwika kwa kamba ya kipajini, akatoka. Alimwinamishia mzee kichwa kidogo. Mimi alinipita kama nguzo ya senyenge.

Gaspard akainuka, akavuta mti wa lango. Yule wa madoa alitangulia, akang'oa shina la viazi pamoja na udongo wake, akaanza kutafuna.

Kesho yake asubuhi nilichukua mfuko wangu na kushuka kwa miguu kwenda Sake. Hakuna aliyeniuliza naenda wapi.